Barua Niliyoisoma Kichwa na Mkia

Dada mpendwa,

Shikamoo. Itikia hukohuko uliko, nami nitajifanya nimesikia. Habari za kazi, na kile kiuno kilichokuwa kikikusumbua ukisimama sana wodini? Watoto je, yule mdogo ameacha kulamba sabuni? Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anakohoa kidogo asubuhi. Yeye anasema ni vumbi la mbao za baba, baba anasema ni uvivu wa kufagia, na wanataniana hivyo mpaka chai inapoa. Mimi nakula kidogo, nalala kidogo, na mwandiko wangu leo ni wa kuku. Nivumilie.

Keshokutwa naingia mtihani wa kujiunga na chuo kikuu. Hilo unalijua, umelihesabia siku kuliko mimi. Unajua pia kwamba mwaka jana nilianguka kwa alama tatu, zote za ufahamu wa Kiingereza, na kwamba safari hii ndiyo ya mwisho ninayoruhusiwa. Lakini sikuandikii kwa ajili ya mtihani tu. Kuna jambo nimelifanya, dada, na kwa sababu yake baba anaweza kuikosa karakana, yeye na wenzake wanne. Ningekupigia simu ungenikatiza kwa maswali, nami ningepata upenyo wa kukimbia. Najijua. Kwa hiyo soma yote, tafadhali, usiruke hata mstari.

Nianze na mwalimu wetu wa masomo ya ziada. Jina lake la kweli nimelisahau, sote tunamwita Dakika Moja, kwa sababu neno hilo halikauki mdomoni mwake. Karatasi ya ufahamu ina maswali arobaini na saa moja tu, vifungu vinane virefu, vimejaa mambo ambayo mtu hajayaona wala hatayaona: milima ya barafu, nyuki wanaocheza ngoma kuonyeshana maua, historia ya saa za ukutani. Dakika Moja akatufundisha kwamba kusoma kifungu chote ni ushamba. Mtu mjanja, akasema, husoma sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya, kichwa na mkia, halafu anarukia maswali. Tumbo aliache. Tumbo, kwa maneno yake, ni mifano na mapambo.

Na kweli, nikafaulu mazoezi. Wiki ya kwanza nilipata kumi na tisa, wiki ya sita thelathini na nne. Kila jioni nilikaa kwenye kona ya karakana, juu ya lile benchi lisilonunuliwa, saa ya baba mbele yangu, nikichapa vifungu. Baba alikuwa akisimamisha randa yake kunitazama. Mama Vifungo, yule fundi cherehani wa chumba cha pili, akipita lazima aulize mheshimiwa amepata ngapi leo. Fundi baiskeli naye akaanza kuniita Profesa, na mimi, sikufichi, nikaanza kuitika.

Sasa, wiki tatu zilizopita ikaja barua kutoka kwa wenye jengo. Ilikuwa moja kwa safu nzima ya karakana, ikaletwa kwa baba kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa vyumba vile vitano. Ukurasa mmoja, aya tatu, Kiingereza kitupu. Baba akaifuta vumbi kwa kiganja, akanikabidhi mbele ya wote, akaniomba niwasomee inasemaje. Nikatazama saa. Wallahi, dada, nilitazama saa! Nikasoma kichwa na mkia wa kila aya, nikainua uso, nikawaambia kwamba wenye jengo wanawashukuru kwa miaka yote waliyokaa, kwamba jengo litafanyiwa ukarabati, na kwamba wanatarajia kuwakaribisha tena likiisha. Haikufika hata dakika mbili. Wakapiga makofi. Mama Vifungo akasema huyu mtoto chuo kikuu kinamchelewesha tu. Baba akaikunja barua, akaiweka kwenye droo ya misumari, akarudi kwenye kabati lake akipiga mluzi.

Mambo yakaharibika Jumatano ya wiki iliyopita. Dakika Moja aliingia darasani uso umemshuka. Akasema amepata mfano wa karatasi ya mtindo mpya, na watunzi wameshaushtukia ujanja wetu. Akatugawia. Nikaenda kichwa na mkia kama kawaida yangu, nikamaliza wa kwanza, nikapata kumi na moja. Kumi na moja, dada, kati ya arobaini! Majibu yote yalikuwa tumboni. Mwalimu akatuambia, bila hata kuona haya, kwamba kuanzia sasa tusome kila neno. Nilijiuliza kama katika miezi mitano ile nilikuwa nimesoma Kiingereza hata siku moja.

Nilipofika karakana baba alikuwa ametoka kupeleka meza kwa mteja. Nilitaka kuanza mazoezi papo hapo, kusoma neno kwa neno, lakini vifungu vyote nilivyokuwa navyo nilikuwa nimeshakariri majibu yake. Nikakumbuka ile barua. Nikasema moyoni, kile nacho ni kifungu, tena kifupi. Nikaitoa chini ya misumari, nikafungua kamusi, nikaanza.

Katikati ya aya ya pili iliandikwa kwamba kila mpangaji anayetaka kurudi baada ya ukarabati aandike maombi, na yafike ofisini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Atakayenyamaza atahesabiwa ameacha chumba, nacho atapewa mwingine. Nilisoma mara nne. Nilitafuta kwenye kamusi hata maneno niliyoyajua, nikiomba yawe na maana nyingine. Jasho lilinitoka mpaka kidole kikaacha alama kwenye karatasi.

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Siku mbili zilitosha, dada. Barua tano fupi ningeziandika usiku mmoja. Ngoja niendelee kabla sijaogopa.

Nilisimama kumsubiri baba mlangoni. Kabla hajarudi akatokea Mama Vifungo na kifurushi. Alikuwa amenishonea blauzi ya kuvaa siku ya mtihani, nyeupe, kola imesimama, akasema hataki asante, anachotaka ni kwamba nikiwa mkubwa ofisini nisimpite kama simjui. Fundi baiskeli akaacha pancha yake, akaja kuichungulia, akadai Profesa sasa amekamilika. Baba akawakuta wanacheka. Akacheka nao. Na barua ilikuwa mfukoni mwangu.

Nikasema nitamwambia nyumbani. Nyumbani nikasema nitamwambia asubuhi. Alhamisi nilimsogelea mara mbili, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Ijumaa sikwenda karakana kabisa, nilijifungia chumbani na vitabu, nikawa nasikiliza redio ya jirani ikitaja saa. Ilipotaja saa kumi nilifunga kitabu. Unajua nilichofikiri? Nilifikiri labda wamesahau. Labda hawakumaanisha. Hivi ndivyo woga unavyomfanya mtu mwenye akili timamu.

Jana Jumatatu akaja karani wa wenye jengo na orodha yake. Nilikuwa nimewapelekea mafundi chai, nimesimama nyuma ya mbao na chupa mkononi. Karani akawauliza kwa nini safu nzima haikuandika maombi kabla ya Ijumaa saa kumi kama barua ilivyotaka, maana vyumba vimeshaombwa na watu wengine na mwisho wa mwezi watatakiwa kutoka. Wote wakageuka kumtazama baba. Mama Vifungo akauliza, kwani binti si aliisoma ile barua, hakuona tarehe?

Baba akanitazama mara moja tu. Akaelewa. Halafu akawaambia kwamba binti aliisoma vizuri, kwamba jioni ile nyumbani alimtajia mpaka tarehe na saa, na kwamba ni yeye mwenyewe, mzee mzima, aliyesahau kuwapasha habari. Akaomba radhi. Baba yetu, dada, ambaye hajawahi kusahau kipimo cha mlango! Fundi baiskeli akatema mate chini, akasema basi uenyekiti ni kazi ya watu wenye kichwa, akaondoka bila kugusa chai. Mama Vifungo alikaa kwenye kigoda chake, akawa anazungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa. Na mimi nilisimama nyuma ya mbao nimeishika chupa.

Njiani kurudi nyumbani baba hakunigombeza. Aliniuliza tu mtihani ni siku gani, nilipomjibu akaniambia nisiweke mambo mengi kichwani. Yeye anadhani nilikosea. Hajui kwamba nilijua tangu Jumatano. Mama hajui. Hakuna anayejua, sasa unajua wewe.

Kuna nafasi moja, nyembamba. Kabla ya kuondoka karani alisema ofisi inaweza kusikiliza maelezo, yakiwa kwa maandishi, kwa Kiingereza, na wapangaji wote watano wameyatia sahihi, yakifika kesho kabla ya saa sita mchana. Leo tangu alfajiri nimeyaandika. Nimeshinda na kamusi nikasahau kabisa kwamba nina mtihani. Nimeeleza kwamba msomaji wa barua nilikuwa mimi, kwamba niliruka maneno, kwamba nilipoyaona zilikuwa zimebaki siku mbili na sikusema. Ningeweza kuiacha sentensi hiyo ya mwisho. Niliifuta, nikairudisha, maana watakaotia sahihi ni lazima niwasomee kila kilichomo kwa Kiswahili, na sitaki tena kuwasomea nusu.

Kwa hiyo nikimaliza hapa naenda karakana. Bado wapo, nasikia nyundo ya baba kutoka hapa dirishani. Sijui Mama Vifungo atanitazamaje. Sijui kama watatia sahihi, wala kama ofisi itajali, wala kama keshokutwa nitaweza hata kushika kalamu. Kama kuna dua unayoijua, dada, isome leo hii.

Wasalimie shemeji na watoto, mbusu yule mla sabuni. Mama anakusalimu sana, anauliza utakuja lini. Baba naye anakusalimu. Asubuhi aliponiona na karatasi alidhani zote ni za barua yako, akaniambia nisikose kukuandikia kwamba karakana iko salama na kazi zinakwenda vizuri. Nimekuandikia kama alivyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba