Diski Niliyoinunua Mwenyewe

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti la baba yako limeanza tena ukorofi wake. Wewe ndiye fundi wa kompyuta, basi nisaidie. Hii ninayochapia mikataba ofisini imechoka. Nikiiwasha nakwenda kuchemsha chai, nikirudi bado inazungusha kale kaduara. Ya shangazi yako, meza ya pili, ni hivyo hivyo. Nimeambiwa niweke diski mpya, ile ya SSD. Bosi amekataa kutoa hata senti. Anasema anayetaka haraka ajinunulie. Bei yake inakaribia nusu ya mshahara wangu. Inafaa, au nitakuwa nimetupa pesa?

Mama yako

9 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Mpe baba pole ya goti. Mama, nunua. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ikitafuta faili moja moja. Hiyo mpya haina kinachozunguka, inafungua papo hapo. Mwambie fundi ahamishie kila kitu kwanza, na risiti iandikwe jina lako, maana ni mali yako, si ya ofisi. Utakuwa ukirudi nyumbani jua bado liko juu.

Bintiyo

2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi bado siamini macho yangu. Niliiwasha, nikageuka kuchukua kikombe, nikakuta imeshawaka. Nilidhani imeharibika. Mikataba iliyokuwa ikinichukulia siku nzima niliimaliza kabla ya chakula cha mchana. Nikapiga makofi peke yangu kama mwehu, nikaenda mwenyewe kwa bosi kuomba kazi nyingine. Akanipa rundo la shangazi yako, nalo nikalimaliza. Shangazi yako alicheka mpaka akashika mbavu. Siku hizi ananiita mheshimiwa. Asante, mwanangu, kwa ushauri.

Mama yako

19 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimeachishwa kazi. Bosi aliniita Ijumaa, akaniambia kwa upole, kama mtu anayeazima kalamu: “Mama, kazi ya wawili sasa inamtosha mmoja, na wifi yako mshahara wake ni mdogo.” Nikamwuliza tena, nikidhani nimesikia vibaya. Shangazi yako amehamishiwa kwenye kompyuta yangu. Nilitoka bila hata kuchukua kikombe changu. Tangu siku hiyo shangazi yako hajakanyaga hapa, na baba yako hataki hata atajwe.

Mama yako

24 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikashindwa kuketi. Nimepigwa na butwaa. Mimi ndiye niliyesema nunua, na kila siku nawashauri wateja hivyo hivyo. Sikuwahi kufikiria bosi angeitazama ile kasi kwa jicho hilo. Na shangazi naye kimya? Aliyenibeba mgongoni? Mama, risiti unayo. Nenda na bisibisi ukaitoe diski yako, uwarudishie ile ya zamani. Tuone kazi hiyo itamtosha nani.

Bintiyo

5 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Goti la baba yako afadhali. Nilikwenda, na bisibisi mkobani. Bosi aliitazama risiti, akanionyesha mlango wa chumba chetu. Shangazi yako aliinuka kwenye kiti bila kunitazama. Amekonda. Anachapa mafaili ya meza zote mbili kwa mshahara uleule, na bosi ameshamwambia kuwa siku yakibaki hata machache, ataleta mtu mwingine.

Nilikuwa nimeshafungua skrubu ya kwanza aliposema, “Itoe tu, wifi, ni yako. Kila jioni nilitaka kuja kwako, miguu ikakataa.”

Nilishtuka kuliko siku niliyofukuzwa. Nilikwenda kumkomoa bosi, kumbe ninayemvunja ni shangazi yako. Nikairudisha ile skrubu, nikaikaza, nikamvutia kiti akaketi.

Nikamnong'oneza, “Ukimaliza mapema, usipige makofi. Acha mkataba wazi kwenye skrini, ukae hapo mpaka jioni.”

Akacheka kidogo, kisha akalia. Nami nikatoka kwenda kutafuta kazi.

Mama yako