Pumzi Kumi na Moja

Mpendwa mama mkwe,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya familia nzima pamoja na wale wasiojali, nachukua nafasi hii kukutangazia rasmi kwamba mkanda wa mkweo umerudi ndani tundu moja. Ni tundu moja tu. Ukisikia ni mawili, jua habari imepitia kwa Kagendo, na binti yako unamjua kwa kuongeza chumvi.

Tukio hilo lilifanyika Jumanne asubuhi mbele ya shahidi mmoja, ambaye ni huyo huyo Kagendo. Alitazama mkanda, akatazama tumbo, akasema, "Labda ni ngozi ya mkanda imenyooka." Sherehe ikaishia hapo.

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu tundu hilo ni lako. Mimi ni mwalimu wa hesabu mwenye miaka hamsini na miwili, nimefundisha watoto wa watu kugawanya na kuzidisha, lakini kupumua nilijifunza kwako, nawe ukiwa upande wa pili wa ukuta.

Unakumbuka ulivyokataa kuja? Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya kanisani havikuingia, na daktari alikuwa ameshasema moyo umechoka, unataka kliniki kila wiki. Kagendo alikuja Kianjai mara tatu kukubembeleza. Mara ya tatu nilimsindikiza, nikasimama nje kando ya tangi la maji kama inavyompasa mkwe, nikakusikia ukiwa jikoni.

"Nikalale nyumba ya mkwe wangu? Na nikifia huko?"

"Hutakufa, mama."

"Nani amekuambia? Kwani siku za watu ni wewe unapeana?"

Kwa anayesoma barua hii akiwa mbali na kwetu, mambo ni hivi: huku Embu, na kwenu Meru vilevile, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kuachiana nafasi. Hatushikani mikono ovyo, hatukai kiti kimoja, na chumba anacholala mmoja, mwingine hakanyagi. Sasa fikiria mama mkwe akate roho kwenye kitanda cha nyumba ya mkwe. Watu wangelisema jambo hilo hadi wajukuu wazeeke.

Kwa hiyo ulikuja kwetu Dallas, mtaa huu wa hapa Embu mjini, kwa sharti moja, na ulilituma kwangu kupitia Kagendo ingawa nilikuwa hatua tano kutoka ulipoketi. "Mwambie mwalimu, mimi sitaki kufia Dallas. Nitibiwe, nipate nguvu, nirudi kwangu." Nami nikajibu kupitia Kagendo kwamba nimesikia. Alisimama katikati akigeuza shingo huku na huku, maskini, kama mtu anayetazama mpira.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Kagendo ana duka lake la vitambaa mjini, mimi shule imefungwa, basi kazi ya kukupeleka kliniki ikaniangukia. Jirani yetu Njeru alitubeba kwa pikapu yake, wewe mbele kama mheshimiwa, mimi nyuma na magunia ya mkaa. Nesi alikupima presha akaandika. Kisha akaniona ninavyohema kwa sababu tu ya kushuka kwenye gari, akasema, "Hebu na wewe mwalimu, leta mkono."

Yangu iliishinda yako. Alipima mkono wa pili, akauliza, "Kwani mgonjwa ni nani hapa?" Wewe uliangalia ukutani kwa adabu zote, lakini mama, niliona mabega yako yakicheka.

Tulirudi na vidonge, kila mtu na vyake, na kazi ya nyumbani juu yake: dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni, kuvuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, kuitoa polepole ukihesabu sita. "Na mtafute neno moja la kurudia mkitoa pumzi," nesi akasema, "ili akili isizurure. Lakini dawa msiache. Hii ni ya kusaidia dawa, sio ya kuifukuza."

Kumeza vidonge ni rahisi. Ila niambie, mtu anakaaje mbele ya mama mkwe kumfundisha kupandisha na kushusha kifua? Nilifikiri siku nzima. Mwishowe wewe ndiye uliyepata jibu, ukalituma kwa Kagendo: wewe ukae chumbani kwako, mimi sebuleni, ukuta katikati. Ukigonga ukuta mara mbili kwa kikombe chako cha bati, tunaanza. Ukigonga mara moja, imetosha.

Kuhusu lile neno, nakiri nilijifanya mtaalamu. Nilikuwa nimetazama kwenye simu mzee mmoja mwenye ndevu, amekunja miguu juu ya mkeka, anasema ukiimba sauti fulani kila siku utaishi miaka mia na ishirini. Nikavuta pumzi, nikaachilia: "Oooommm."

Kikombe kikawekwa chini upande wa pili. Halafu: "Mkwe."

"Naam, mama."

"Huyo unamwita ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni sauti tu."

"Sauti ya nani?"

Nikakueleza habari za mzee wa ndevu na ahadi yake. "Mimi siwezi kuita mtu nisiyemjua kwa nyumba ya mtoto wangu," ukasema. "Anaweza kuja. Na hiyo miaka mia na ishirini ni ya nini? Nani atakuwa ananichotea maji?"

Nikadhani somo limevunjika. Kisha nikasikia sauti ndogo ikitoka ukutani, ndefu, imelegea kama kamba iliyofunguliwa: "Mpooora." Polepole. Ulinieleza baadaye kwamba ndilo neno ulilokuwa ukimwambia ng'ombe wakati wa kumkamua, ukiwa umeegemeza paji la uso kwenye ubavu wake, hadi atulie na kuachilia maziwa. "Ng'ombe akikusikia una haraka, anafunga," ulisema. "Nafikiri moyo pia."

Basi tukawa tunaimba neno la kukamulia. Asubuhi na jioni, wewe ndani, mimi nje, mpooora kwa mpooora. Wiki ya kwanza nilikuwa nakata pumzi katikati, nawe hukuniachia hata mara moja. "Mkwe, hiyo ni kupumua ama ni kupiga miayo?" Siku nyingine: "Leo umepumua kama ng'ombe ya maonyesho. Kuna zawadi?" Na siku niliyolala nikaanza kukoroma, uligonga kikombe mara moja, ukasema kwa upole, "Sasa hilo ndilo neno lako la kweli."

Njeru, ambaye amelelewa Mbeere kati ya mizinga, alikuja mlangoni amevua kofia. "Mwalimu, mmeleta nyuki? Kwa sauti ile, hao wanataka kuhama." Nikamwambia ni mama mkwe. Akarudi kwake bila kuuliza zaidi.

Nataka ujue kwamba zile zilikuwa siku nzuri za maisha yangu. Nimemwoa mtoto wako miaka ishirini na minne bila kukujua. Nilijua kitambaa chako cha kichwa na mgongo wako ukielekea jikoni. Kupitia ukuta ule nilijua kwamba unaogopa ngurumo, kwamba ulitaka kuwa mwalimu, kwamba uji wangu wa wimbi unaushinda wa Kagendo ila nisimwambie. Tulikuwa hatuonani, ndiyo sababu tuliweza kuongea.

Na sharti lako lilitimia. Wiki mbili baada ya siku ile uliyozidiwa, ambayo nitaifikia, ulirudi Kianjai na miguu inayoingia viatuni. Ulikaa kwako miezi mitano. Ulikata roho kwenye kitanda chako mwenyewe, Kagendo amekushika mkono, mimi nje kando ya tangi. Chumba chako cha Dallas sasa kina cherehani na marobota ya vitambaa. Bado nakaa upande wangu wa ukuta kila asubuhi. Nesi anasema namba zangu zimeshuka, na mkanda nimeshakuambia.

Lakini kuna jambo, na hili silitangazi kwa taadhima.

Siku ya mazishi nilipewa kipaza sauti upande wa wakwe. Nikasema siku ile uliyozidiwa kwangu, uliinuka mwenyewe, ukatembea na mkongojo wako hadi kwenye gari, na kwamba sikukanyaga chumba chako hata siku moja. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja akasema kwa nguvu, "Huyo ndiye mkwe!" Nami nikavimba, mama. Nikavimba kuliko miguu yako.

Juzi, mwenzangu wa ofisi ya walimu akaniambia mama wa mke wake anatoka Ruiri kuja kukaa nao kwa ajili ya matibabu. Anaogopa. Alikuwepo kwenye mazishi, akanisikia, akataka nimfundishe heshima ile. Nikafungua mdomo nimpe hadithi yangu, haikutoka. Maana namna nilivyoisema, inaweza kuua mtu.

Basi mambo yalikuwa hivi.

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi. Kikombe hakikugonga. Nikaanza peke yangu nikidhani unamalizia uji. Mpora ya kwanza, ya pili, ya tano, hakuna jibu. Nikaja mlangoni. Nikaita, "Mama?" Nilisikia pumzi fupi fupi, kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.

Nikashika kitasa, na mkono ukakataa. Nilimpigia Kagendo simu, hakushika. Nilitazama nje kama kuna mwanamke yeyote, hata asiyetujua, aingie badala yangu. Uwanja ulikuwa mtupu. Na nikasimama pale, nikipumua vile nesi alivyotufundisha, nne kwa sita, ili nitulie. Nilihesabu pumzi kumi na moja. Mimi ni wa hesabu: hizo ni karibu dakika mbili. Wewe ndani unatafuta hewa, mimi nje ninayo tele, kati yetu mbao ya inchi moja na nusu na mila.

Sikuingia kwa ujasiri. Niliingia kwa sababu kikombe kilianguka.

Ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda, midomo imegeuka rangi. Ulinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nioe.

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Heshima, mama."

"Heshima," ukasema, ukavuta pumzi, "itaniua hapa hapa Dallas."

Nilipoinama kukubeba ulisema, "Nifunike kwanza." Nikakuzungushia leso yako, ngozi isiguse ngozi, nikakuinua. Ulikuwa mwepesi kuliko marobota ya Kagendo. "Usiniangalie," ukasema. "Siangalii, mama." "Sasa utaona njia aje?" Na hapo, katikati ya sebule, mimi ndiye nilianza kuishiwa na pumzi, jasho likinitoka, nawe ukaweka mdomo karibu na sikio langu ukaanza kunihesabia. Mpooora. Mpooora. Kila hatua moja. "Wewe ndiye utafia hapa," ulininong'oneza. Njeru alipotuona tukitoka, aliwasha gari, kisha akageuka akaangalia tangi la maji kama linalovuja, na hajawahi kusema neno hadi leo.

Siku ya tatu hospitalini uliniambia mwenyewe, safari hii bila kupitia kwa Kagendo: "Tutasema nilitembea." Nikasema ndiyo, mama. Nilidhani nalinda heshima yako. Sasa naona ulikuwa unalinda yangu, ili mtu yeyote asije akauliza nilisimama mlangoni kwa muda gani.

Nisamehe nikikuvunjia neno. Jumatatu nitamwambia yule mwalimu, na leo naandika, asikie kila mkwe aliyeshika kitasa. Hukutembea, mama. Nilikubeba. Nilichelewa pumzi kumi na moja, na hizo zote ulinirudishia sikioni, moja moja, hadi kwenye gari.

Kesho asubuhi nitagonga ukuta mara mbili. Lala mpora.

Mkweo,
yule wa upande wa pili wa ukuta