Kiti cha Mbele

Juba, Jumapili jioni, Mei 2009

Mvua imenyesha tangu adhuhuri na nyumba imetulia kupita kiasi. Nimekaa na kompyuta ya ofisini mapajani. Nitaandika leo, kesho nikifika penye mtandao nitaiweka hapa kwenye blogu. Wiki nzima nimejificha. Inatosha.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Lado. Nililelewa Kitale, Kenya, na mimi na mke wangu Poni tulirudi Juba mwaka uliofuata mkataba wa amani. Mtoto wetu ni mmoja, Keji, ana miaka mitatu na nusu. Poni ni mkunga. Tangu Januari anafanya kazi katika zahanati moja kule Nesitu, kwenye barabara ya Nimule. Anaondoka Jumapili, anarudi Ijumaa jioni. Katikati ya wiki Keji anabaki nami, nampeleka nasari kwa baiskeli na kumrudisha.

Poni aliniomba kitu kimoja tu. Nitafute kiti cha mtoto cha kweli, chenye mkanda na mahali pa kufunga miguu.

"Nimeshona visigino vya watoto wengi waliobebwa kwenye keria," aliniambia. "Baba Keji, usiniletee kazi hiyo hapa nyumbani."

Nilienda kwa Abdi, Msomali mmoja aliyekulia Isili, Nairobi, ambaye duka lake lina kila kitu kuanzia sufuria hadi tairi. Alikuwa na viti viwili. Kimoja kidogo, cheusi, cha kufungwa mbele, kwenye bomba lililo kati ya mwendeshaji na usukani, na vyuma viwili vifupi vya kukanyagia. Kingine kikubwa, cha manjano, cha kufungwa nyuma: kina mgongo mrefu, mikanda ya mabegani, na chini kina vikombe virefu vinavyomeza mguu wa mtoto mpaka karibu na goti, na kamba yake ya kufungia.

Abdi hakuzunguka. "Ndugu yangu, chukua hiki cha nyuma. Hiki cha mbele ni cha mtoto mkubwa kidogo, anayejua kukaa bila kusinzia."

Nikamwambia nataka Keji awe mbele ili tuongee njiani. Ni kweli, nilitaka hivyo. Lakini si hiyo iliyoniamulia.

Nilipokitazama kile cha manjano, nilijiona nikipita nacho pale getini kazini, mahali wenzangu wanapokunywa chai asubuhi. Tangu Poni aende Nesitu walikuwa wameshaanza kuniita yaya. Nilikuwa nacheka nao, huku inaniuma. Kiti kile kikubwa kingewapa kicheko cha mwaka mzima. Cheusi kilikuwa kidogo. Ningeweza kukifungua na kukitia kwenye begi kabla ya kufika getini.

Nilimchagulia mwanangu kiti kwa ajili ya wanaume wanne wanaokunywa chai.

Poni alipopiga simu kuuliza kama kiti kinashika miguu, nilijibu, "Kina mahali pa miguu." Hakuniuliza zaidi. Ananiamini, au alikuwa akiniamini.

Tulikuwa na wiki mbili nzuri sana, siwezi kukana. Keji alikuwa mbele yangu, kichwa chake chini ya kidevu changu, anapiga kengele bila sababu, anasalimia mbuzi mmoja mmoja. Nilijiambia, unaona? Hakuna tatizo.

Jumanne tulikuwa tunarudi nyumbani kupitia mtaa wa Mangateen. Jua lilikuwa kali, na mvua ya siku iliyotangulia ilikuwa imechimba mifereji barabarani, kwa hiyo nilikuwa naenda polepole. Keji alinyamaza. Kichwa chake kikaanza kuegemea mkono wangu.

Niliona anasinzia. Naandika tena ili nisije nikasahau: niliona.

Nilipaswa kushuka nikasukuma baiskeli. Nilifikiri tumebakiza dakika chache. Hapohapo simu yangu ikaita mfukoni, nami nikatoa mkono mmoja kwenye usukani ili niitafute. Mguu wake wa kulia ukateleza kwenye kile chuma, ukaingia kwenye gurudumu.

Sauti ile sitaielezea. Baiskeli ilisimama ghafla na sote tukaanguka ubavu, na Keji akaamka kwa kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho.

Nilitaka kuuvuta mguu. Mikono ilikuwa tayari imeushika. Fundi wa baiskeli aliyekuwa ng'ambo ya barabara, mtu mzima aliyewahi kuishi Uganda, alikuja anakimbia na koleo. "Wewe wacha! Usivute muguu! Wewe nashika mutoto, mimi nakata." Akakata spoki tatu, moja baada ya nyingine, taratibu kama mtu anayekata kucha za mtoto mchanga. Mama mmoja auzaye chai alipiga magoti kwenye vumbi, akamwagia maji safi kwenye kisigino, akirudia "maalesh, maalesh", pole ile ya Kiarabu cha hapa kwetu. Sikuwa na hakika anamwambia mtoto au ananiambia mimi.

Kwenye zahanati ya karibu walisema mfupa haukuvunjika. Ngozi ya kisigino ilikuwa imechanika, akashonwa nyuzi tano. Mimi ndiye niliyemshika wakati wa kushonwa. Alikuwa ananiita nimsaidie, nami ndiye niliyekuwa nimembana.

Jioni hiyo Poni alipiga simu. Nilikuwa nimekaa kitandani, Keji amejilaza kifuani pangu, yuko macho, mguu umefungwa bandeji. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Nilifungua mdomo, na nikasikia sauti yangu ikisema:

"Keji ameumia kidogo mguuni. Mlango wa bati wa nyuma ulisukumwa na upepo ukamgonga kisigino. Tayari ametibiwa."

Poni akasema anashukuru nilimpeleka haraka.

Alinishukuru.

Siku tatu zilizofuata sikuigusa baiskeli. Nilimbeba Keji mgongoni kila mahali, nikampikia uji wa karanga anaoupenda, nikamwacha alale kwangu. Ungeniona ungesema baba mzuri huyu.

Ijumaa Poni alifika, hata begi hakuliweka chini. Alimkalisha Keji mapajani na kumuuliza, "Mwanangu, nini kilikuumiza?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Keji alinitazama kwanza. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mlango," alisema. "Upepo ulisukuma mlango."

Sikumfundisha. Hakuna siku niliyomwambia aseme hivyo. Alinisikia mara moja tu kwenye simu, akaelewa kwamba hivyo ndivyo tunavyosema sasa, mimi na yeye. Mtoto wa miaka mitatu na nusu, mguu wake ndio ulioshonwa, na yeye ndiye anayenilinda.

Nimewahi kufanya mabaya mengine maishani. Hakuna lililowahi kunitia aibu kama sauti ile ndogo.

Poni alifungua bandeji. Aliukagua mguu, akaufunga upya vizuri kuliko walivyoufunga zahanati. Nikasema kabla hajanitazama, kwa sababu nilijua akinitazama nitashindwa.

"Si mlango. Ni baiskeli. Nilinunua kiti cha mbele. Hakina kitu cha kuzuia miguu. Alikuwa anasinzia, niliona, sikusimama."

"Najua," alisema. "Nimejua nilipofungua bandeji. Mlango haukati hivi."

Nilingoja apige kelele. Ningependa angepiga.

"Mguu utapona, Baba Keji. Lakini huyu umempa mzigo wako aubebe. Mwondolee. Sasa hivi, nikiwa hapa."

Basi nilichuchumaa mbele ya mwanangu. Ni ajabu jinsi ilivyo vigumu kumwambia mtoto mdogo ukweli; macho yake hayaendi popote. Nikamwambia, "Keji, Baba alisema uongo kwa Mama. Mlango haukukuumiza. Ni Baba alikuumiza na baiskeli, kwa sababu hakuwa mwangalifu. Wewe hujafanya kosa lolote. Unaweza kumwambia mtu yeyote."

Alifikiri. "Hata Mama?"

"Hata Mama."

Akamgeukia Poni na kumweleza yote: mbuzi, usingizi, koleo, maji, sindano. Alizungumza kwa muda mrefu, kwa haraka, bila kupumua vizuri. Ndipo nilipojua alikuwa ameyashika kwa nguvu kiasi gani siku zote hizo.

Leo baada ya kanisa Poni ameondoka naye. Wamekwenda Nesitu pamoja, kwa wiki mbili, ili amsafishe kidonda mwenyewe. Hakusema ananiadhibu. Hakusema pia kwamba haniadhibu. Alimpandisha garini, akanipa mkono kama unavyompa jirani.

Gari lilipoondoka nilienda moja kwa moja kwa Abdi. Nilimweleza yaliyotokea. Hakusema "nilikuambia". Alitoa spana na kunisaidia kukifunga kile cha manjano nyuma, akakaza kila nati mara mbili, kisha akakitikisa kwa mikono yote miwili. Nikaweka ndani mfuko wa unga, nikaufunga mikanda, nikaendesha mpaka mtaa wa Lemon Gaba na kurudi, nikipitia makusudi kwenye mashimo. Mfuko haukusogea. Watu walinicheka njia nzima, mtu mzima anazungusha unga kwenye kiti cha mtoto huku mvua inamnyeshea. Niliwaacha wacheke. Kumbe kuchekwa hakuachi hata kovu.

Sijui kama Keji atakubali kupanda tena. Akikataa tutatembea. Nimeamua hivyo, na sitamshawishi kwa pipi wala kwa kengele.

Saa moja iliyopita Poni alipiga simu. Wamefika salama. Sauti yake bado ina ubaridi. Nyuma yake nilimsikia Keji akiongea na watu, kwa sauti ya juu.

"Anawaambia nini?" niliuliza.

"Anamweleza kila mgonjwa anayeingia," Poni alisema. "'Baba yangu aliniangusha na baiskeli.' Hata dereva wa lori lililosimama hapa nje ameshaambiwa. Nimnyamazishe?"

Nilimsikiliza kwanza. Alikuwa anaanza upya, kwa mtu mwingine, tangu mwanzo kabisa.

"Mwache aseme," nilimjibu. "Ndivyo ilivyokuwa."