Hema la Mtu Mmoja

Jumamosi, Agosti 1986. Nunguni.

Ukungu haujaondoka leo. Ni saa nane mchana na bado siuoni mparachichi ulio nyuma ya choo. Mkono wangu wa kulia umefungwa kitambaa, kwa hiyo mwandiko huu ni mbaya. Sijali. Hakuna wa kuusoma.

Nilirudi jana jioni kutoka Mto Athi. Niliogopa. Nataka niliandike neno hilo kwanza, kabla sijaanza kulipamba. Niliogopa kabla ya kwenda, nikaogopa nikiwa huko, na hata sasa, nimekaa kando ya cherehani yangu na mlango umefungwa, bado naogopa.

Mke wangu Mwende alifariki mwezi wa Februari. Kwa miaka kumi na tisa, kila Agosti, tulikuwa tunashuka mtoni sisi wawili, tunapiga hema siku tatu au nne, tunavua. Watu wa kanisa walituona wa ajabu. Mtu mzima anaacha kitanda chake anakwenda kulala chini na mbu? Lakini Mwende alizaliwa kule chini karibu na mto, na baba yake alimfundisha kuvua kabla hajajua kusoma. Yeye ndiye aliyekuwa mvuvi. Mimi nilibeba mizigo na kupika.

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Hapa sokoni wananiita Fundi Kioko mvuvi, nami nilinyamaza tu, nikalivaa hilo jina.

Hema letu la zamani ni la turubai zito, kama yale ya wapima ardhi, lenye nguzo mbili. Mwezi uliopita nilijaribu kulisimamisha hapa uani peke yangu. Nikisimamisha nguzo ya mbele, ya nyuma inalala. Nikikimbilia ya nyuma, ya mbele inaanguka. Nilifanya hivyo mara sita au saba, mwishowe nikaketi juu ya turubai, natokwa jasho katika baridi ya Julai. Hema lile linataka mtu wa pili wa kuambiwa, "Shika hapo."

Basi nikaamua kushona langu. Mimi ni fundi wa nguo. Nimeshona sare za shule, suti za harusi, mapazia ya kanisa. Hema la mtu mmoja lingenishindaje? Nilinunua turubai jepesi la kijani, nikalitandaza sakafuni, nikalala juu yake nijipime. Nikaweka alama ya chaki kichwani, nyingine miguuni, nyingine kila upande wa mabega. Nilipoinuka na kuziona zile alama nne nikatoka nje. Kipimo kama kile nilikuwa nimekiona Februari, kwa seremala.

Sikurudi ndani mpaka jioni. Kesho yake niliongeza upana futi moja na nusu, na si kwa sababu nahitaji nafasi.

Vitu vingine nilivichagua kwa woga, sioni aibu kusema. Tochi mbili. Taa ya mafuta, na ya pili ikiwa ya kwanza itazimika. Panga jipya. Filimbi ya refa. Mikebe kumi na miwili ya maziwa niliyoitoboa na kuitunga kwenye kamba, niizungushie hema, kitu kikija nisikie.

Hii ya kusikia ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi wiki nzima. Mwende hakusikia kwa sikio la kushoto tangu utotoni. Akilala aliliweka hilo chini, la kulia likawa juu, na kunguru akitua kwenye tawi alikuwa ameshaamka. Mimi nilikuwa nalala kama gogo. Miaka kumi na tisa mtoni sijawahi kusikia kitu, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kusikia.

Na haikuwa lazima niende. Binti yetu Ndinda, ambaye ni muuguzi Machakos, aliandika barua: "Baba, hiyo nyumba ni kubwa kwako. Uza vitu vya mtoni, funga duka, uje ukae na sisi." Barua nzuri, ya mtoto mwenye huruma. Niliisoma mara nyingi kuliko Biblia. Kila nikiisoma nilijiambia: ukishindwa kulala usiku mmoja peke yako, nenda Machakos. Ukiweza, basi.

Alhamisi alfajiri nikapanda basi hadi Mtito Andei. Pale kuna Mama Kalunde, muuza samaki, rafiki wa Mwende tangu wakiwa wasichana. Ana kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, na kuna pikapu inayomletea samaki kutoka mtoni. Ndiyo tuliyokuwa tunaipanda siku zote. Alinipa kiti, akanipa chai, halafu akaanza kufungua mzigo wangu bila kuniuliza.

"Baba Ndinda," akasema, "unakwenda kuvua ama kupigana?"

"Niko peke yangu, Mama Kalunde."

"Najua. Nilikuwa kwenye mazishi." Akainua ile kamba ya mikebe, ikalia. "Na hii?"

"Ni ya kunionya, kitu kikija."

"Kiboko akija, mkebe wa maziwa utamwambia nini? Wewe ndiye utaukanyaga ukienda haja ndogo, ujiue kwa mshtuko."

Aliiweka mikebe chini ya meza yake. Filimbi nayo akaichukua, na taa ya pili. Kisha akatazama mshipi wangu wa kuvulia na zile ndoana kubwa tatu za Mwende, nilizozifunga ndani ya kitambaa. Akanipa ndoana zake tano, ndogo kama ukucha wa mtoto.

"Samaki mkubwa ni wa watu wawili," akaniambia. "Wewe tafuta wa sufuria moja."

Nikasema sawa. Lakini zile kubwa sikuziacha kwake.

Dereva wa pikapu, mtu mzima asiye na maneno mengi, alinishusha saa tisa. Nilikuwa naelekea mahali petu pa siku zote, chini ya mwamba, akaniita. "Mzee, mafuriko yalibadilisha kingo. Hiyo ni njia ya viboko sasa. Lala juu." Akaninyooshea kidole mahali pakavu, juu kidogo, kati ya mawe. Akasema atarudi asubuhi, akaondoka. Nilisimama nikisikiliza ile injini mpaka ikapotea. Baadaye nikagundua kwamba bado nasikiliza.

Hema langu lilisimama kwa robo saa. Peke yangu. Nililizunguka, nikavuta kamba zake moja moja, na kushona kwangu hakukuwa na kasoro. Kwa muda huo mfupi nilisahau kuogopa.

Nikashuka na ndoana ndogo, nikanasa ngege mmoja wa kiasi cha kiganja. Nilifurahi sana. Ningepanda nikamkaanga, siku ingekwisha vizuri. Lakini jua lilikuwa bado liko, na jina la mvuvi likanipanda kichwani. Nikafunga ndoana ya Mwende. Nikaweka utumbo wa yule ngege, nikatupa mbali penye maji meusi, na mshipi nikauzungusha mkononi mara tatu ili usiniponyoke.

Mwende hakuwahi kuuzungusha mkononi. Nilimwona miaka kumi na tisa akiushika kwa vidole tu, na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Sijui alikuwa nini. Kambare, labda mkunga. Alipovuta nilipiga goti kwenye matope, na ule uzi wa nailoni ukazama ndani ya kiganja. Nikavuta, naye akavuta. Nikatafuta kisu. Panga lilikuwa juu kwenye hema. Nilikuwa nimenunua kila kitu cha kumtisha mnyama, kisu kidogo cha kukatia mshipi sikuwa nacho. Mwende alikivaa shingoni, kwa hiyo kwangu kilikuwa kama sehemu ya mwili wake, si chombo cha kuweka kwenye mzigo. Tulimzika bila hicho kisu. Kiko kwenye droo hapa, naiona nikiandika.

Damu ilikuwa inadondoka majini, nami najua ni nini hukaa katika maji yale. Kila nilipojivuta nyuma mshipi ulikaza zaidi. Nikaelewa: ili mshipi ulegee ilinipasa niende mbele. Niingie mtoni.

Sikuomba. Nilisema kwa sauti, "Hapana, hapana," kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Halafu nikaingia. Hatua ya kwanza maji kifundoni, ya pili magotini. Mshipi ukalegea. Nikaufungua mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukaenda wote na ndoana na risasi ya kuuzamisha, na mimi nikapanda ule ukingo kwa mikono na magoti, sikutazama nyuma.

Kama pikapu ingekuwepo ningeipanda na hema nikaliacha limesimama.

Haikuwepo.

Usiku sitauandika kwa urefu. Nilikaa ndani nimekunja miguu, mkono umefungwa shati, taa imewaka. Niliwasikia viboko wakila majani, sauti kama ya mtu anayerarua kitambaa. Nilisikia kila kitu. Kumbe hata mimi nina masikio.

Na katika kukaa kule lilinijia jambo ambalo nimelikimbia tangu Februari. Agosti iliyopita, Mwende akiwa ameanza kudhoofika, aliniomba nimpeleke mtoni mara moja tu, siku moja. Nikamwambia barabara imeharibika. Barabara haikuwa na shida. Niliogopa kwamba atafia kule, nami nibaki peke yangu na mwili wake kando ya maji, sijui la kufanya. Aliniangalia, akasema, "Basi, tutakwenda ikitengenezwa." Nadhani alijua.

Nilimwomba msamaha kwa sauti ndani ya lile hema. Sikusikia kitu. Sikutarajia kusikia.

Kulipopambazuka nikatoka. Nyayo za kiboko zilipita hatua kama ishirini kutoka hemani, zikateremka hadi mahali petu pa zamani, pale ambapo ningelala kama dereva hangesema.

Pikapu ilinirudisha Mtito Andei, na Mama Kalunde akauosha mkono wangu kwa maji ya chumvi. Hakunigombeza.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Sikumwona."

"Ulitumia ndoana yake."

"Nilitumia."

Alifunga kitambaa, akakaza fundo kwa meno. Nikamwambia nilivyotetemeka, nikamwambia Mwende hangetetemeka, yeye hakuogopa kitu. Mama Kalunde akaacha alilokuwa akilifanya.

"Nani hakuogopa? Mwende? Kila Agosti mkifika hapa, wewe ukienda kutafuta mkaa, yeye alikuwa anakaa kwenye hicho kiti na tumbo linamwendesha. Mikono baridi kama samaki. Alikuwa haonji usingizi kule, Baba Ndinda. Alisema, mmoja wetu lazima akae macho, na huyu wangu analala kama gunia."

Nikauliza, "Sasa kwa nini alikuwa anakwenda?"

Akafikiri. "Alipenda samaki wa moto," akasema. Tukacheka wote wawili, halafu mimi nikalia, naye akageuka kupanga samaki wake mpaka nilipomaliza.

Nimewaza jambo hilo ndani ya basi njia yote hadi nyumbani. Miaka kumi na tisa mtu anaogopa kando yangu, mkono wake uko karibu na wangu, nami nakoroma. Nilidhani woga huu ni wangu, umekuja na ujane. Kumbe ulikuwa wa nyumba nzima, yeye ndiye aliyekuwa akiubeba.

Sijapona. Leo asubuhi paka aliruka juu ya mabati nikamwaga chai. Sijui kama nitarudi mtoni Agosti nyingine, au kama nitarudi kabisa. Lakini nimemwandikia Ndinda, kwa mkono huu huu mbaya. Nimemwambia nilikwenda, nimemwambia juu ya kidonda, na nimemwambia kwamba Machakos sitakuja sasa. Aje yeye Desemba, nimpikie. Pia nimemwambia ile habari ya barabara. Alikuwa mama yake. Ana haki ya kujua.

Hema lilikuja limelowa umande, nikalisimamisha uani likauke. Kwa ukungu huu halitakauka. Nimelitazama mchana kutwa kupitia dirishani, na nimeamua: leo nitalala humo ndani, hapo hapo uani. Nimeshaweka godoro na blanketi mbili. Mlango wa nyumba nitauacha wazi, ikiwa nitashindwa.