Askari Aliyebeba Tangazo Letu

Kaka, huko ulikojificha,

Mama hajambo. Paka wako amezaa ndani ya sanduku la nguo zako, usinilaumu.

Juzi askari wa gavana walivamia kiwanda cha chapa cha baba wakitafuta tangazo lako la mgomo. Nilikuwa nimeshalipanga kwa herufi za chuma, na unajua sisi hupanga kinyumenyume ili karatasi itoke sawa. Mkubwa wao alilikodolea macho, akaona aibu kukiri kwamba hawezi kulisoma.

"Nini hii, we binti?"

"Amri ya gavana, bwana. Inatakiwa leo."

"Basi fanya upesi!" Akanisaidia kulibeba hadi kwenye mashine.

Jana, walipogundua, walimchukua baba. Sikulia. Tangazo lako liko kwenye kila ukuta, hata mlangoni kwa askari hao, na mkono uliolibandika ndio huu unaokuandikia.

Mdogo wako mwenye vidole vya wino