Mkwe Hafunui Kidonda

Kariobangi,
Jumatano.

Kwako Baba mpendwa,

Zikufikie salamu zangu kabla ya mengine yote. Mwili wangu hauna neno, ila moyo hautulii wiki hizi. Na wewe je? Umeanza kutembea hadi kwa ng'ombe, au bado unawaamuru kutoka kitini kama ulivyotuamuru sisi darasani? Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo ni ya wifi Metrine, naye huishika mwenyewe unapoongea. Haya yasome peke yako.

Unajua kazi yangu ya zahanati siku hizi ni kuzunguka majumbani. Wasioweza kutoka kitandani ni wengi na nesi ni mimi mmoja, kwa hiyo kazi nyingine nawaachia wahudumu wa afya wa mtaa. Siwatupii tu. Namfundisha mtu, namtazama akifanya, nikiridhika namwachia, halafu narudi kukagua. Anayefanya ni yeye, lakini wa kuulizwa ni mimi.

Hodari wao ni Barasa, mtu wa kwetu huko magharibi. Mara tatu nilimtazama akiosha kidonda cha mguu wa mzee mmoja, na mikono yake ni myepesi kuliko yangu. Basi nikampa Mama Nafula, mjane asiyeinuka tangu avunjike nyonga, aliyekuwa na kidonda makalioni kwa kulala sana. Mwanawe anafua sufuria kwenye karakana za jua kali, mchana kutwa hayupo. Nilimwambia Barasa aoshe kila baada ya siku moja na aandike daftarini alichoona. Akajibu, "Sawa, sista."

Wiki tatu daftari lilisema kidonda ni safi. Nilikuwa na wengine niliodhani wako hoi zaidi, nikaliamini daftari. Siku niliyokwenda, harufu ilinipokea mlangoni. Nilipomfunua, Baba, niliona mfupa.

Nilimvuta Barasa hadi kwenye korido nikamfokea mbele ya majirani. Najua hasira zangu, nimezirithi kwako.

"Sista, huyu amezaliwa tumbo moja na mama ya bibi yangu," akasema Barasa. "Ni mama mkwe. Sasa mimi ningemfunua aje?"

Walitambuana siku ya kwanza, walipoulizana ukoo. Tangu hapo alikuwa akiweka maji ya chumvi na bandeji karibu na kitanda, kisha anatoka na kusimama koridoni akiupa mlango mgongo. Mama Nafula anajifuta pale mkono unapofika. Akimaliza anakohoa, Barasa anauliza kutoka nje, anajibiwa kwamba kinakauka, naye anaandika hivyo hivyo. Hakuja kuniambia, kwa sababu kulitaja jambo hilo mbele ya mwanamke kama mimi aliona ni kumvua nguo mkwe wake kwa mdomo.

Mimi nilipaswa kujua. Nimekua nikikuona ukiacha njia na kujitosa kwenye mahindi kila Kukhu, mama yake Mama, alipotokea mbele. Tulikucheka mpaka mbavu zikauma. Wewe ungesema mwacha mila ni mtumwa.

Nilipokuwa bado namfokea Barasa, sauti ilitoka ndani, dhaifu lakini haina wasiwasi. "Msichana wangu, usimgombeshe. Yeye alinipa heshima yangu. Ni wewe hukuniuliza."

Tulimpeleka hospitali mchana huo huo. Alikaa siku kumi na moja, akafariki. Nilipotakiwa kuandika maelezo, niliandika kwamba kazi niliitoa mimi, nami sikumuuliza Barasa wala mgonjwa kama inawezekana kati yao. Barasa bado yuko kazini, ila akipewa mgonjwa wa kidonda huniangalia kwanza usoni, nami naona aibu. Nimelia, Baba. Si mara moja.

Na kulia huko ndiko kumenifanya nikukumbuke wewe. Ulipopasuliwa ngiri, nilikuja siku mbili, nikamfundisha Metrine kuosha mshono kwa kuigiza kwenye mkono wa mwanasesere wa mtoto, nikaona ameelewa, nikarudi Nairobi. Mama hayupo tena na kaka yuko kazini Webuye, nikaona nimepanga vizuri. Metrine alinijibu, "Sawa, dada." Kila nikipiga simu ananiambia kidonda kinakauka.

Baba, huyo ni mke wa mwanao. Hata mkono hakupi, na chakula chako anakiweka mezani akiwa amegeuza uso. Mshono wako uko kinenani. Usimgombeshe kwa haya niliyoandika. Mwenye kosa ni mimi.

Nisalimie kaka akirudi, wajukuu wako wote, na shangazi anayekuletea maziwa baada ya ibada. Metrine mwambie nampenda, na kwamba sitamuuliza lolote.

Barua hii inakuja na basi ndani ya kifurushi cha majani ya chai. Mimi nitafika Jumamosi. Mimi ni binti yako, najua utaona haya, nami nitaona. Utajifunika uso kwa shuka, nami sitasema neno. Lakini kidonda nitakiona kwa macho yangu.

Ni mimi mwanao,
Rose.