Mwombee kwa Maneno Yako

Jumatatu, 4 Machi

Mzazi mwenzangu,

Habari za huko? Natumai nyumbani na kanisani wote ni wazima. Nimekupigia simu tangu jana, hupokei, basi naandika. Binti yako amejifungua mtoto wa kike. Mtoto mzima, analia kama king'ora. Mama yake ndiye mwenye hali mbaya. Homa haishuki, na daktari ananikwepa macho. Nimefunga cherehani yangu, nashinda naye wodini. Anakuita wewe. Njoo, tafadhali.

Mama mkwe wake

Jumanne, 5 Machi

Mama,

Salamu. Namshukuru Mungu kwa mjukuu. Niliposema akiolewa na mtu wa dini yenu asinihesabu tena kuwa baba yake, nilisema mbele ya kanisa zima. Nikija leo, washirika nitawaambia nini? Tunamwombea huku huku.

Mchungaji

Alhamisi, 7 Machi

Mzazi mwenzangu,

Sijui nikusalimie vipi, maana huku hatujambo kwa jina tu. Jana alipata fahamu kidogo, nikamuuliza, "Hivi baba yako ni mtu wa namna gani?" Akanisimulia ulichomfundisha utotoni: Yesu kachoka, kakaa kisimani, akamwomba maji mwanamke Msamaria, na watu wao walikuwa hawachangamani kabisa.

"Yeye ndiye aliyeanza kuomba, mama," akaniambia. "Baba akifika hapo, alikuwa anarudia mara mbili."

Injili siijui. Lakini mtu aliyekubali kuomba kwa asiye wake, huyo nimemwelewa. Leo mwanetu hasemi tena. Figo zimegoma. Njoo, tutagombana baadaye.

Mama mkwe wake

Ijumaa, 8 Machi

Mzazi mwenzangu,

Pole, pole sana kwa kuuguza. Ujumbe wako nimewasomea washirika, sikufika mwisho. Nikapanda basi na nguo nilizovaa. Tumekwama: mto umefunika daraja, dereva kazima injini. Nilitaka kuvuka kwa miguu, abiria wakaning'ang'ania shati. Kupiga simu hakuwezekani, labda maandishi yatapita.

Nina ombi. Miaka yote nimewaombea watu, leo nikifungua mdomo hakitoki kitu. Wewe uko karibu naye. Mshike mkono, umwombee kwa dini yako, kwa maneno yako, kama unavyomwombea mwanao wa kumzaa. Mwambie baba yuko njiani. Na kama ameshaondoka, usinifiche. Ila usimwachie mkono, endelea kuomba mpaka nifike.

Mzazi mwenzako